Leseni ya Mpangaji wa Zamani

Vijana wakija kunitembelea hapa ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, wananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, na kabla kiti hakijapata joto swali limeshawatoka: "Bi Dija, hivi hizi programu huria zina hela kweli?" Wanauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Nawacheka. Nawamiminia chai ya tangawizi, naangalia dirishani, na mara nyingi nasahau kuwajibu, maana saa za baada ya adhuhuri Kariakoo inanipeleka mbali. Jua linakuwa jeupe, sauti za chini zinapoa, wauza nguo wanajinyoosha juu ya marobota yao, na macho yangu haya yenye ukungu yanaona ya zamani vizuri kuliko yaliyo mbele yangu. Leo nimeamua kuandika, msije mkasema bibi alisinzia katikati ya maneno.

Nimeandika programu za madukani zaidi ya miaka ishirini. Macho ndiyo yaliyonistaafisha, si uzee, na atakayesema ni uzee asipande tena ngazi zangu. Marehemu mama yangu mpaka anaondoka duniani aliamini mimi ni mtu wa serikali. Alinisikia siku moja naongea na simu, nasema nimeshinda naandika kodi, si mnajua mtaani ile lugha ya kompyuta tunaiita hivyo? Basi kwenye maulidi akawatangazia mashoga zake wote kwamba Dija wake siku hizi anaandika kodi. Mwezi mzima wenye maduka walinisalimia kwa adabu ya ajabu, na mmoja akaniletea kilo nzima ya tende. Nilizila. Mnataka niseme nini?

Kazi nilifundishwa na Mzee Shirima. Mchaga wa Rombo, mrefu, mkimya, fundi wa kompyuta mwenye fremu moja ya duka ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Narung'ombe. Nilienda kwake kupeleka printa mbovu ya shule niliyokuwa nafanyia kazi ya ukarani, nikabaki miaka kumi na moja. Chini yetu palikuwa na duka la vitenge la jumla la Bwana Fadhili. Asubuhi akifungua milango yake, vumbi la nguo lilipanda mpaka kwetu, likaelea kwenye mwanga wa dirisha, jekundu, la njano, la bluu. Nilikuwa naweza kulitazama robo saa nzima, kikombe mkononi, na Mzee ananiacha tu. Nikikumbuka siku hizo ni vumbi lile linalokuja kwanza, kompyuta zinafuata baadaye.

Somo lake la kwanza: kabla hujagusa mashine, weka mikono nyuma uitazame. Mimi nani wa kuweka mikono nyuma? Wiki ya pili tu nilichomeka kompyuta ya mteja, mpya kabisa, imetoka bandarini. Paa! Moshi. Bwana Fadhili akapanda ngazi mbiombio na ndoo ya maji, akihofia vitenge vyake. Kumbe nyuma ya mashine kuna kiswichi chekundu cha kuchagua umeme, na kilikuwa kimeachwa kwenye umeme wa nchi nyingine. Mzee Shirima alimpokea Bwana Fadhili ile ndoo, akaiweka chini, akanionyesha maandishi madogo pembeni ya kiswichi. "Imeandikwa hapo," akasema. "Tatizo lako, Dija, unasoma kwa vidole."

Mashine ile aliilipia yeye, na neno hilo hakulirudia. Ningemsikiliza tangu siku ile, nisingekuwa na cha kuwaandikia leo.

Sasa sikilizeni kuhusu leseni. Nyie mliozaliwa na simu mkononi mkisikia leseni mnafikiria ule ukurasa mrefu unaobonyeza "nakubali" bila kuusoma. Kwetu Kariakoo leseni ni karatasi iliyowekwa kwenye fremu ya kioo, imetundikwa ukutani, ina jina la mwenye duka na muhuri. Ukilipa kilemba, ile pesa ya kupishwa, ukachukua duka la mtu, jambo la kwanza, kabla hata ya kufagia, unaing'oa leseni ya mpangaji wa zamani. Ukiiacha, wakija watu wa manispaa utaulizwa madeni ya mtu usiyemjua. Unaing'oa, unatundika yako, unasema bismillahi, unaanza biashara. Hiyo ilikuwa imo kwenye damu yangu. Babu yangu aliuza viatu hapahapa.

Basi nilipoipata kwenye mtandao ile programu ya kuhesabia mali za duka, imewekwa wazi na msimbo wake wote, yaani yale maandishi yanayoiendesha, yeyote achukue, nilishangilia. Aliyeiandika ni bwana mmoja wa nchi ya theluji, jina lake Henrik. Nikafungua makabati yake moja baada ya jingine. Ndani nikakuta faili moja, jina lake kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza: Leseni. Juu yake jina la Henrik. Na kila faili la programu lilikuwa na jina lake kwenye paji la uso.

Nikasema, aah, mpangaji wa zamani huyo. Nikafuta.

Wallahi sikuwa na nia mbaya. Nilifuta kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayefagia nyumba aliyohamia. Nikaandika jina langu kila mahali. Kazi ikachukua siku mbili, na nilipomaliza nikajipongeza kwa soda.

Programu ile nikaiita Robota. Na msidhani sikufanya kazi. Programu ya Henrik ilijua kitu kimoja kimoja, boksi, basi. Haikujua kwamba hapa vitenge vinauzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, kwamba robota la mwenye duka huyu lina korja tano na la jirani yake lina sita, kwamba khanga ni doti na doti ni mbili zilizoshikana. Hayo yote niliyatia mimi. Nilikaa dukani kwa Bwana Fadhili wiki tatu juu ya kigoda, sina kompyuta, nasikiliza tu watu wakinunua. Vijana, hii andikeni mahali: mteja hajui kueleza anachotaka, lakini ukimsikiliza akigombana na muuzaji utajua kila kitu. Mwanzoni Robota ilikuwa haijui kuuza upande mmoja wa doti. Mwanamke mmoja akataka upande mmoja tu, karani akauza, na jioni programu ikasema duka lina khanga mia mbili na nusu. Bwana Fadhili akaniita mbele ya wateja. "Bi Dija, hiyo nusu khanga anavaa nani?" Duka zima likaangua kicheko, na mimi nikapanda juu kurekebisha huku masikio yananiwaka.

Robota ikapendwa. Kutoka kwa Bwana Fadhili ikaenda duka la pili, la tano, ikavuka Msimbazi. Niliiuza imefungwa, msimbo siutoi, na kila mwenye duka nilimwambia asimpe mwenzake. Miaka ile ilipita kama usingizi wa mchana, mtamu, hujui umelala kiasi gani. Nilijenga choo na vyumba viwili kwa mama. Mzee Shirima alikuwa anatengeneza mashine, mimi naandika, feni inazunguka juu yetu, na Ijumaa alikuwa ananikumbusha yeye, Mkristo, kwamba muda wa sala umekaribia.

Halafu mwenye jengo akafariki na watoto wakarithi. Watoto walitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na walikuwa na mtu wa makava ya simu aliyesimama mlangoni na kilemba mkononi. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi. Fremu ile Mzee Shirima aliishika tangu ujana wake. Wateja wake wote walikuwa wanajua njia ya kupanda ngazi zile, hawakujua hata namba yake ya simu. Kumtoa pale ilikuwa kumtoa kwenye kazi, na alikuwa ameshavuka sitini, mgongo mbovu. Sikuwa na uwezo wa kulipa, wala yeye.

Wiki hiyohiyo Bwana Fadhili akaniita chini, akafunga mlango wa stoo. "Bi Dija, hii Robota niuzie mimi moja kwa moja," akasema. "Iwe yangu peke yangu. Hawa wapinzani wangu wote uwanyang'anye, na usimuuzie mtu mwingine tena. Mwanasheria wangu ataandika. Nitakulipa pesa ambayo utakaa fremu ile mpaka uchoke mwenyewe."

Nilipanda ngazi sioni chini. Nilimwambia Mzee Shirima huku nacheka na kulia. Alikuwa ameshika skurubu mdomoni. Akazitoa moja moja, akazipanga mezani. "Ni habari njema," akasema. Zikapita siku tano, kila siku namwimbia habari ya pesa ile, yeye anaitikia tu. Ya sita, Jumamosi, mvua inanyesha, barabara imekuwa maziwa ya kahawa na hakuna mteja, akaniuliza kama anauliza saa: "Hivi, Dija, hiyo Robota si uliianzia kwenye kazi ya mtu? Ilikuwa na leseni?"

"Ilikuwepo. Niliing'oa."

"Ulisoma?"

Nikatikisa kichwa. Akaniambia niitafute ile ya mwanzo, niichape. "Mimi Kiingereza cha wanasheria kinanichenga," akasema. "Nisomee wewe, unifafanulie kwa Kiswahili, taratibu."

Tukakaa na kamusi. Nje mvua, ndani feni imesimama maana umeme ulikuwa umekatika, tukasogeza viti dirishani. Neno la kwanza tu lilinitega. Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili: kwao bure ni hilo, na huru ni hilohilo. Sisi tumejaliwa mawili, na mimi niliyejaliwa mawili nilisoma bure mahali palipoandikwa huru. Walikuwa wameeleza wenyewe juu kabisa kwamba hawazungumzii bei. Nikaendelea. Unaruhusiwa kuitumia. Unaruhusiwa kuibadilisha. Hata kuiuza unaruhusiwa, uza kwa bei unayotaka! Ila utakayempa, mpe na msimbo wake, na mpe ruhusa ileile uliyopewa wewe, hata ya kuwagawia wengine. Na jina la mwenye kazi usilitoe. Na ukivunja hayo, ruhusa yako imekufa.

Nilisoma mstari ule wa mwisho mara tatu, nikitumaini Kiingereza changu ni kibovu. Halikuwa suala la Kiingereza.

"Maana yake nini?" Mzee akauliza.

"Maana yake siwezi kumwandikia Bwana Fadhili kwamba ni yake peke yake. Na hao wote niliowauzia imefungwa, nimekosea." Nikaikunja ile karatasi. "Mzee, mimi mwizi. Tena nimeiba kitu kilichokuwa kinagawiwa. Mtu anaibaje cha kugawiwa?"

Alisema tu kwamba kazi ni yangu, uamuzi ni wangu, na yeye hayajui vizuri mambo hayo. Akarudi kwenye skurubu zake.

Jumatatu nilienda Posta, kule kati ya mji kwenye maofisi, kwa mwanasheria, kwa miguu, nikakatiza Mnazi Mmoja, maana nilitaka njia iwe ndefu. Nitawaambia ukweli: nilikuwa naenda kusaini. Nilikuwa nimeshajipangia maneno. Henrik yuko kwenye theluji huko, atajuaje? Nani atamwambia, hawa njiwa? Lile jua la asubuhi baada ya mvua lilikuwa linatoa mvuke kwenye lami, watu wanatembea kana kwamba hawana miguu, na mimi natembea katikati yao naiona fremu yetu, feni, Mzee na mgongo wake, vyote vimebaki mahali pake. Niliona kabisa. Nilikuwa na furaha.

Mwanasheria alikuwa dada mdogo, mpole, ushungi umekaa vizuri. "Mama, sahihi hapa, na hapa." Bwana Fadhili amekaa pembeni kavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ni Jumatatu. Karatasi ilisema nathibitisha kazi hii ni yangu tupu, hakuna mwingine mwenye haki ndani yake. Nikashika kalamu.

Sasa, Bwana Fadhili alikuwa na ugomvi mmoja maarufu Kariakoo nzima. Kitenge halisi kina maandishi kwenye ukingo, jina la kiwanda, mnayaona. Kuna wafanyabiashara walikuwa wanachukua vitenge vyake, wanakata ule ukingo, wanavitia jina lao. Aliwahi kumfukuza mtu mmoja kwa rula ya mbao mpaka kituo cha mabasi. Nilimtazama pale, kalamu mkononi, na mkono ukagoma. Nikaiweka chini.

"Bwana Fadhili," nikasema, "hii nguo nimeikata ukingo."

Hakunielewa. Nikamweleza yote, kuanzia Henrik mpaka leseni. Nikamwambia bado naweza kumuuzia, na msimbo nitampa, ila siwezi kumzuia jirani yake asiwe nayo.

"Kwa hiyo ninunue nini? Hewa?"

"Ununue kazi yangu ya kukutengenezea."

"Kumbe hata wewe," akasema. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. Akachukua kofia yake akatoka. Yule dada mwanasheria akanisindikiza mpaka kwenye ngazi, akaniambia mama pole, na nikashuka nikilia mbele za watu wa Posta wenye tai.

Mwisho wa mwezi tukatoka. Nilitegemea Mzee Shirima aniambie neno lolote, hata la kunitukana ningelipokea. Alisema, "Shika huo upande wa meza." Tukashusha meza, tukashusha mashine, na mwenye makava ya simu alikuwa tayari anapima ukuta. Ile leseni ya Mzee aliing'oa Mzee mwenyewe, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

Kilichofuata kwa upande wangu ni kipande mtakachokipenda, maana ndicho chenye hela. Nilimwandikia Henrik, nikakiri. Nikarudisha jina lake kila mahali nilipolifuta, faili kwa faili. Nikapita duka kwa duka na msimbo kwenye diski, na leseni nimeiandika kwa Kiswahili, nikawaambia: hii ni yenu, mpeni mnayemtaka. Wakanishangaa. Mmoja akauliza kama nimepata maradhi. Ndani ya wiki mbili Robota ilikuwa imegawiwa mitaa ambayo sijawahi kukanyaga, na mimi nakula ugali na mlenda.

Henrik alijibu. Nilifungua ile barua huku nimefumba jicho moja. Alisema hakujua kama duniani kuna soko linalouza kwa korja, amenisamehe, ruhusa amenirudishia, na je, ningependa kipande changu cha korja na doti kiingizwe kwenye kazi yake, na jina langu? Nikajibu ndiyo. Nikauliza kama naweza kutia jina la pili, la mtu ambaye hajaandika hata mstari mmoja. Akasema mtie.

Mwezi wa tatu tangu hapo simu zikaanza kulia. "Bi Dija, korja limegoma." "Bi Dija, nimepewa Robota na shemeji yangu, haifunguki." Hao hawakuwa wateja wangu, ni wateja wa hewa niliyoigawa, lakini waliponiita nilienda, na kwenda kwangu kulikuwa na bei. Mnawajua mawinga wa huku chini? Winga hana duka, hana stoo, hana hata kitambaa cha kujifutia jasho. Anajua mzigo uko wapi, anakupeleka, anaweka cha juu chake, mnaagana kwa amani. Nami nikawa winga wa programu. Niliwalipisha kuja kwangu, kufundisha karani wao, kuhamisha madaftari yao, kuongeza kitu ambacho duka lao tu linakitaka. Baada ya mwaka nilikuwa napata zaidi ya nilipokuwa naiuza imefungwa. Hata Bwana Fadhili alituma mtu aniite. Nilimtengenezea, akalipa bei niliyotaja bila kupatana. Kariakoo mtu akilipa bila kupatana, ama amekasirika sana ama amekusamehe. Mpaka leo sijui ilikuwa ipi.

Msije mkaondoka na hadithi tamu tupu. Kuna kampuni ilichukua Robota, ikaipa jina la Kizungu, ikaiuza kwa bei ya gari, na nilichoweza kudai ni msimbo wazi na jina langu, sikuweza kudai shilingi. Iliniuma, na bado inaniuma nikila vibaya. Kwa hiyo someni kabla ya kujenga. Leseni nyingine itakuruhusu ufunge kazi yako uuze kama sanduku, mradi jina la mwenzako libaki. Nyingine, kama ya Henrik, inakufuata mpaka kwa mteja. Ukiandika mwenyewe kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, ni yako: wape wote kwa leseni kama ya Henrik, na yule tajiri asiyetaka masharti muuzie kwa mkataba mwingine. Lakini ukishapokea msaada wa mtu hata mistari kumi, mwombe ruhusa yake kwa maandishi mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Mzee Shirima aliweka meza chini ya ngazi za jengo jingine, kwenye giza la mchana, miaka miwili. Wateja hawakumwona. Mgongo ukazidi, akarudi Rombo na mkewe. Nilimpigia simu kila mwezi. Nilimsomea jina lake lilivyoandikwa kwenye orodha ya waandishi, akacheka kile kicheko chake cha puani. Lakini moyoni nilikuwa na jiwe. Nilijua mimi ndiye niliyemtoa kwenye fremu yake. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na yeye masikini hakujua hata leseni ile ilisemaje mpaka nilipomsomea. Sikuwahi kumwomba radhi. Kila nikijaribu ananiuliza habari za mvua.

Alipofariki nilichelewa maziko, nikafika siku ya tatu. Kule juu kuna ukungu unaoingia mpaka ndani ya nyumba na kukaa na watu. Mkewe, Mama Shirima, aliniketisha jikoni karibu na moto, migomba inadondosha maji nje. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia ile fremu niliipoteza mimi, kwamba Mzee hakujua chochote, nilimsomea mambo na kumharibia siku moja, na ninaomba radhi kwake sasa maana mwenyewe hayupo.

Mama Shirima akanitazama kama sijaongea Kiswahili.

"Hakujua nini?" akasema. "Mwanangu, ile karatasi ya leseni aliichapa sehemu nyingine akaja nayo nyumbani. Alikaa nayo siku tano mezani, na kamusi ya watoto, anaandika maana kwa penseli. Alijua kila kitu. Nilimwambia, mzee, nyamaza, mwache mtoto asaini, tulipe kodi tukae. Akasema hapana, atakuuliza kama umeisoma. Nikamwambia basi mweleze kwamba na wewe umeshaisoma."

Akachochea moto.

"Akasema hilo hawezi. Akasema, 'Dija akijua kwamba najua, ataona naitoa fremu yangu makusudi, na atasaini kwa ajili yangu.'"